UZI: Kiraka cha faiba kiko imara, lakini boti inapasuka pembeni yake. Kwa nini?

NahodhaWaDunga

Wadau, salamu kutoka Dunga, Kisumu, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Nina boti ya faiba ya mita saba, enjini ya nguvu-farasi 15. Tunabeba wageni wanaokuja kutazama viboko na ndege wa kwenye mafunjo, na wageni wakiadimika tunabeba magunia ya omena.

Mwaka jana iligonga jiwe ubavuni. Fundi akaiziba kwa ndani, kiraka cha mraba, kinene kuliko ubavu wenyewe. Nikamlipa kwa furaha. Kiraka chenyewe hadi leo hakijatikisika, ukikigonga kinalia vizuri. Lakini sasa kuna ufa umetokea nje yake, upana wa kidole kutoka ukingoni, na unaufuata ule ukingo mstari kwa mstari mpaka kwenye kona. Kabla ya ufa, mahali pale palikuwa pameanza weupe ndani ya faiba.

Fundi wa pili amekuja akasema tuongeze mati tatu (mikeka ya nyuzi za kioo) juu ya kila kitu. Kabla sijaenda mjini kununua rezini nyingine (ile gundi ya majimaji inayokauka), naomba mwenye kujua aseme.

KijanaWaKondele

Ongeza mati, bosi. Kitu kikivunjika maana yake ni chembamba. Sisi bampa za matatu tunaziziba hivyo na zinarudi barabarani siku hiyo hiyo.

Nyuzi_na_Rezini

Nahodha, usinunue kitu bado. Mimi nimeshika faiba miaka mingi, kwanza matangi ya maji kule Nakuru, sasa niko huku ziwani, na hicho ulichoeleza nimekiona kwenye boti za watu wengi. Kiraka hakijashindwa. Kiraka ndicho kilichopasua boti.

Boti ikipigwa na wimbi, ubavu hupinda kidogo. Pembamba hupinda kwa urahisi, panene hukataa kupinda. Na mzigo siku zote hukimbilia palipo pakakamavu zaidi. Sasa mzigo uliokuwa umetawanyika kwenye ubavu mzima, ukifika kwenye kiraka chako unalazimika kupanda juu yake wote ndani ya milimita chache, kwa sababu fundi aliacha ukingo wima. Hapo ndipo mkazo unaporundikana. Faiba inachoka ukingoni, huku kila mtu anagonga katikati ya kiraka na kusema kazi nzuri. Kona za mraba zinaongeza balaa, na ndiyo maana ufa wako umeelekea konani.

Watu wa meli wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1913 Charles Inglis, mhandisi wa Cambridge, aliwasomea wajenzi wa meli wa Uingereza hesabu yake ya mkazo kandokando ya matundu. Bamba likivutwa, tundu la duara hupandisha mkazo mara 3 kwenye mbavu zake. Tundu la umbo la yai lililokingama na mvuto, urefu wake ukiwa mara 5 ya upana, hupandisha mara 11. Ufa ni tundu lililobanwa mpaka upana ukakaribia kwisha, kwa hiyo unaweza kukisia hali ilivyo kwenye ncha yake.

Ukiongeza mati tatu juu ya hapo, utakuwa umesogeza ukingo mbele kidogo na kuufanya mkakamavu zaidi. Mwakani utaandika tena hapa, ufa ukiwa mahali papya.

NahodhaWaDunga

Nimekuelewa kuhusu ukingo. Lakini ule weupe? Fundi aliniambia ni jua limechoma jelikoti, ile ngozi ya rangi ya nje.

Nyuzi_na_Rezini

Jua huchoma jelikoti kwa nje, rangi ikapauka, ukipaka kidole unatoka na unga. Weupe ulio ndani ya faiba, unaoonekana ukimulika tochi kutoka upande wa pili, ni habari nyingine kabisa.

Kumbuka mati ilivyo ukiitoa kwenye roli: nyeupe. Ukiilowesha rezini na kuipiga rola vizuri, weupe unayeyuka, unabaki unaona mpaka mbao za kalibu chini yake. Sababu ni kwamba nyuzi za kioo na polyesta, yaani rezini yetu ya kawaida, hupindisha mwanga karibu sawasawa, kipimo cha vyote viwili ni kama 1.55, kwa hiyo mwanga unapita bila kujua umetoka kwenye kimoja ukaingia kingine. Nyuzi zikibanduka kutoka kwenye rezini, kunabaki mwanya mwembamba wa hewa, mwanga unatawanyika pale, na weupe unarudi. Kwa hiyo ulichoona kabla ya ufa ni nyuzi zikiachana na rezini, maelfu kwa maelfu. Wenye maabara hutafuta jambo hilo kwa darubini. Wewe umelionyeshwa bure.

Na sasa ngoja niingie ndani zaidi, maana huko ndiko mambo yanakoamuliwa, na fundi asiyejua yanayotokea pale atabaki kuongeza mati maisha yake yote.

Uzi mmoja wa kioo una unene wa maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 10 hadi 20. Unywele wako ni mnene kuliko huo mara kadhaa. Ukakamavu wa kioo, kwa kipimo cha wahandisi, ni kama gigapaskali 70, wa polyesta ni kama 3.5, yaani kioo ni kikakamavu mara 20. Katika ndoa hiyo rezini haibebi mzigo mkubwa. Kazi yake ni kuupitisha, kutoka uzi huu kwenda uzi ule, kupitia ngozi ya uzi. Hakuna mlango mwingine. Uzi haushikwi popote ila kwenye ngozi yake, na mzigo unaingia kwa rezini kuuburuta uzi pembeni.

H. L. Cox aliliwekea hesabu mwaka 1952. Alionyesha kwamba huo mburuto haugawanyiki sawa kwenye urefu wa uzi. Unajaa kwenye ncha mbili za uzi, katikati unakaribia sifuri. Umeiona hiyo? Ni kiraka chako tena. Kitu kikakamavu kimeishia ghafla ndani ya kitu laini, mkazo umerundikana pale kilipoishia. Kiraka kina ncha nne, mati moja ina ncha zisizohesabika, na sheria ni ile ile.

Kisha mwaka 1965 Kelly na Tyson wakatoa kanuni ambayo hata mimi nisiyependa hesabu naitumia. Urefu mdogo kabisa wa uzi unaoweza kubeba mzigo wake kamili ni nguvu ya uzi, mara unene wake, ugawe kwa mara mbili ya nguvu ya mshiko. Tuchukulie uzi wa nguvu ya megapaskali 2000, unene milimita 0.015, mshiko megapaskali 30. Unapata milimita 0.5. Mshiko ukiharibika ukabaki 10, unapata milimita 1.5. Nyuzi za mati zimekatwa kwenye sentimita 5 hivi, kwa hiyo kwa upande huo una akiba kubwa.

Basi mbona zinabanduka? Kwa sababu mati imetawanywa ovyo. Nyuzi nyingine zimelala kufuata mvuto, nyingine zimekingama. Zilizokingama hazivutwi kwa urefu, zinang'olewa ubavuni. Na pale nyuzi mbili zilipolala karibu karibu zikiwa zimekingama, kioo hakinyumbuki, kwa hiyo kule kunyumbuka kote kunabebeshwa rezini kidogo iliyobanwa katikati. J. A. Kies aliipigia hesabu mwaka 1962: nyuzi zikikaribia kugusana, rezini ile inanyumbuka karibu mara 20 ya kipande kizima, sawa na uwiano wa ukakamavu wa kioo na polyesta. Ndiyo hapo panapobanduka kwanza.

Kwa mati ya kawaida na polyesta, kubanduka kunaanza kwenye kama asilimia 30 ya mzigo wa kuvunja. Rezini yenyewe inaanza kupata nyufa kwenye kama asilimia 70. Zingatia huo mwanya. Katikati ya 30 na 70 boti inaelea, inabeba wageni, haivuji hata tone, na ndani inaendelea kuachana wimbi kwa wimbi.

KijanaWaKondele

Mwalimu, hizo gigapaskali zitaziba maji kweli? 😅 Lakini sawa, kama shida ni mshiko, si tununue rezini inayoshika kufa na kupona, nyuzi zisibanduke kamwe? Mbona mnazunguka?

Nyuzi_na_Rezini

Kijana, umeuliza kwa mzaha lakini umegusa penyewe.

Kioo ukikichukua peke yake kinakatika kwa kukwaruzwa tu. Polyesta iliyokauka nayo ukiidondosha kwenye saruji inapasuka. Vitu viwili vyepesi kupasuka, ukiviunganisha unapata boti inayogongwa na jiwe na kurudi nyumbani. Ugumu huo umetoka wapi? Umetoka kwenye mpaka wao, na kwa sehemu umetoka kwenye udhaifu wa huo mpaka.

Mwaka 1964 John Cook na J. E. Gordon walionyesha kwamba mbele ya ncha ya ufa hakuna mkazo wa kufungua ufa peke yake. Kuna mwingine unaovuta kwa upande, kufuata njia ya ufa wenyewe, na kilele chake ni kama moja ya tano ya ule mkubwa. Ufa ukisafiri kuelekea kwenye uzi, huo mkazo wa upande unaufikia mpaka wa uzi kabla ncha haijafika. Kama mshiko ni dhaifu kiasi, chini ya moja ya tano ya nguvu ya kitu chenyewe, mpaka unafunguka mbele ya ufa. Ufa unafika, unakuta mwanya uliokingama, ncha yake kali inakuwa butu, safari imekwisha. Au inabidi ugeuke ufuate uzi, na kila milimita ya kubandua inakula nguvu.

Mshiko ukiwa mkali kupita kiasi, ufa hauoni tofauti ya rezini na kioo. Unapita kwenye uzi wa kwanza, wa pili, wa kumi, na kipande kinakatika safi kama biskuti. Nimeona vipande vya namna hiyo. Mvunjiko wake unang'aa, hakuna nyuzi zilizochomoza. Kipande kizuri kikivunjika kinaacha ndevu.

Na ukitaka kujua uzi mmoja ukikatika jirani zake wanaumia kiasi gani, John Hedgepeth alilipigia hesabu mwaka 1961 kwa nyuzi zilizopangwa safu moja. Mmoja akikatika, jirani wa kila upande anabeba mara 1.33 ya mzigo wake wa kawaida. Wawili wakikatika kando kwa kando inakuwa 1.6, watatu 1.83. Mkatiko unaalika mkatiko. Sehemu kidogo ya uzi ikibanduka pale ulipokatikia, ile ziada inatawanywa kwenye urefu mkubwa na jirani anapata nafuu. Ila ukibanduka mrefu sana, uzi huo umekufa kazi, haubebi tena. Kwa hiyo unataka mshiko wa kutosha kupitisha mzigo siku zote, na uwe tayari kuachia siku ya ajali. Watengenezaji wa nyuzi wanalipwa kwa kupata hapo katikati. Wewe na mimi kazi yetu ni kutokuharibu walichokipata.

MamaOmena

Samahani kuingilia mazungumzo ya wanaume na enjini zao. Mimi nina boti mbili za faiba Usenge, nazikodisha. Moja nimeipindua nikakuta malengelenge chini, madogo kwa makubwa. Kijana alitoboa moja, likatoka maji yananuka kama siki. Je, ni ugonjwa huo huo? Na mbona shemeji yangu wa Kilifi boti yake iko baharini miaka na haina lengelenge hata moja?

Mkemia_wa_Ahero

Mama, karibu, swali lako ndilo linalonigusa mimi.

Ni ndugu wa ugonjwa huo. Jelikoti haizuii maji kabisa, inayachelewesha tu. Maji yanapenya taratibu mpaka kwenye faiba. Yakikuta mahali nyuzi hazikulowa vizuri, au zilibanduka, yanakaa pale na kuyeyusha mabaki yanayoyeyuka kwenye polyesta: glaikoli, asidi, na gundi ya mati. Sasa ndani ya kale kashimo kuna mchanganyiko mzito, nje kuna maji mepesi, jelikoti katikati. Maji ya nje yanavutwa kuingia, shinikizo linapanda, jelikoti inavimba. Ile harufu ya siki ni asidi hizo.

Na shemeji yako ana bahati ya chumvi. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa kila lita, kwa hiyo tofauti kati ya ndani na nje ni ndogo zaidi, na mvuto wa maji unapungua. Maji yetu ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, karibu hayana chumvi, halafu ni ya vuguvugu mwaka mzima. Maji matamu na joto ndiyo mazingira mabaya kabisa kwa malengelenge. Mtu wa ziwani anatakiwa awe mkali kuliko mtu wa Pwani kwenye kulowesha mati, na mara nyingi mambo yako kinyume.

Niongeze la ngozi ya uzi ambalo mwenzangu alilipita. Kioo kinapenda maji kuliko kinavyopenda polyesta. Kikiachwa hivi hivi, maji yatateleza katikati yao na kuwatenganisha. Ndiyo maana kiwandani nyuzi hupakwa silani. Hii ni molekyuli yenye pande mbili, upande mmoja unajifunga kwenye kioo, wa pili unaingia kwenye rezini inapokauka. Ni safu nyembamba ajabu na bila yake boti za faiba zingekuwa hadithi. Lakini hata hicho kifungo maji yanaweza kukifungua, taratibu. Kikikauka kinaweza kujifunga tena kwa kiasi, mradi uzi na rezini havijaachana nafasi.

Kwa hiyo mati yako iliyoachwa kwenye ghala linalovuja msimu wa mvua, hata ikikauka juani, usiiweke chini ya boti. Itumie kwenye mapambo.

Jambo la mwisho la dukani: mati ziko za aina mbili kwa gundi inayoshika nyuzi zake. Kuna iliyoshikwa kwa gundi ya majimaji na kuna iliyoshikwa kwa unga. Ya unga inastahimili maji vizuri zaidi, ndiyo ya boti. Muuzaji akisema zote ni sawa, mwambie akuonyeshe roli na maandishi yake.

Mkonge_Nakuru

Wataalamu, niko Nakuru na mkonge nimezoea kuuona ukianikwa kule Mogotio. Kioo ni ghali. Kwa nini tusitumie nyuzi za mkonge kwenye boti? Kuna hata gugumaji huko kwenu linawasumbua bure.

Nyuzi_na_Rezini

Mkonge ni uzi mzuri, ila si kwa kitu kinachokaa majini. Unakunywa maji, unavimba, ukikauka unasinyaa, na kila mzunguko unajibandua wenyewe kutoka kwenye rezini. Juu ya ngozi una nta, na polyesta haishiki nta. Wanaoutumia huuosha kwanza kwa magadi makali, sodiamu haidroksaidi ya kama asilimia 5, nta ikatoka na ngozi ikawa na makwaruzo ya kushika.

Tumia kanuni ya Kelly na Tyson uone. Nguvu tuchukulie megapaskali 500, unene milimita 0.2, mshiko 5. Unapata sentimita 1, mara 20 ya kioo. Kwa hiyo usiukatekate vipande vifupi ukadhani unaimarisha kitu. Uache mrefu, utengeneze dari, paneli za ndani ya gari, viti. Hapo nitakuunga mkono. Gugumaji mimi ningelipeleka kwenye gesi na vikapu.

Fundi_wa_Mbita

Nimesoma yote. Mimi sijui Inglis wala Cox, nimejifunza kwa marehemu mjomba wangu aliyeunda boti za mbao, kisha nikahamia faiba mbao nzuri zilipoadimika. Lakini hawa wanayosema ni kweli, maana mikono yangu inayajua. Nahodha, nitakueleza ninavyofanya.

Kwanza itoe majini, uipindue, iachwe ikauke chini ya kivuli chenye upepo. Usiwe na haraka ya wageni. Chukua sarafu, tembea ukigonga kuanzia mbali kuelekea kwenye ufa. Faiba nzima inalia kavu, iliyoachana inalia bubu. Weka alama ya kalamu pale sauti inapobadilika. Utashangaa, eneo bubu huwa kubwa kuliko ufa na kuliko weupe.

Kile kiraka kikongwe king'oe. Najua kinauma, umekilipia. Kisha kwa grainda punguza faiba kwa mteremko kuanzia kwenye ufa kwenda nje, mpole sana. Ubavu wako ukiwa na milimita 6, mteremko uende kama milimita 72 kila upande, yaani mara 12. Watu wengi wanaishia mara 3 au 4 kwa sababu wanaona wanaharibu boti. Na usiache kona, kila kitu mviringo, hata mati zenyewe zikate mviringo. Msasa wa mwisho uwe mkwaruzo mnene, namba 40 au 60. Futa vumbi kwa brashi safi kwanza, ndipo ufute kwa asetoni na kitambaa kisicho na mafuta, na uiache ipae yote.

Halafu mati. Ya gramu 450 ikilowa vizuri ni kama milimita moja, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Mimi naanza na kubwa kuliko zote, ifunike mteremko mzima, kisha zinapungua. Kitambaa kimoja cha kufuma katikati, usimalizie nacho. Rezini kwa uzito ni mara mbili hadi mbili na nusu ya mati, rola mpaka weupe uishe. Pakibaki weupe hata wa ukubwa wa shilingi, pale hukuunganisha kitu.

Mkemia_wa_Ahero

Jaduong' (mzee wangu), nakuheshimu, lakini kuna shule inayosema anza na ndogo, umalizie na kubwa juu, ili kila safu ilingane na safu yake ya zamani. Kwenye ndege wanafanya hivyo.

Fundi_wa_Mbita

Ndege haijawahi kuletwa kwangu Mbita. 😄 Ukianza na ndogo, kila mati inagusa faiba ya zamani kwa ukanda mwembamba tu wa ukingo, na hapo katikati mnakusanya rezini. Ukianza na kubwa, mati moja nzima imeshika faiba ya zamani eneo lote. Na polyesta mpya juu ya polyesta kongwe haiungani kikemia, inashika mikwaruzo tu, kwa hiyo eneo ndilo mkombozi wako. Kwenye ndege wana epoksi na tanuri na mnapimiwa kila kitu.

Nyuzi_na_Rezini

Kwa polyesta niko na mzee. Kwa epoksi ningebishana, maana epoksi inashika faiba kongwe vizuri zaidi na mimi kwa kiraka cha chini ya maji ningeinunua kama mfuko unaruhusu. Ila ukishapaka epoksi, jelikoti ya polyesta juu yake mara nyingi haikauki sawasawa, panga kumalizia kwa rangi.

Na jambo la usalama kabla mtu hajaenda kuchanganya. Wale wanaonunua rezini isiyowekwa kobalti (dawa ya kuharakisha ukaukaji): kobalti ichanganywe kwenye rezini kwanza mpaka ipotee, hadena (dawa ya kuikausha) ifuate baadaye. Visikutane viwili peke yao kwenye kikombe, vinalipuka. Na hadena ikiruka jichoni inapofusha. Miwani, hata kama vijana watakucheka.

KijanaWaKondele

Haya, nimekubali kuhusu boti. Bampa nitaendelea kuongeza mati, bampa haina abiria. Lakini swali la kweli sasa: hadena wanasema asilimia 1 mpaka 2. Kisumu kukiwa na jua la saa nane mimi naona hata 1 inawaka. Nikizidisha ili kazi iishe haraka nyuzi zinaumia?

Nyuzi_na_Rezini

Zinaumia. Polyesta ikikauka inasinyaa, kama asilimia 7 au 8 ya ujazo wake, na inasinyaa ikiwa imezishika nyuzi. Ikienda taratibu inapata nafasi ya kutulia. Ikiwaka, inapata joto kali, kisha inapoa, na rezini inajikunja zaidi ya kioo kwa mara nyingi. Unakuwa umeweka mkazo kwenye kila mpaka wa uzi kabla boti haijaona maji. Fanya kazi asubuhi, tia asilimia 1, mati mbili au tatu kwa mpigo, iache ipoe, endelea ikiwa bado inanata kwa mkono. Ikishakauka kabisa au kama rezini yako ina nta, rudi kwenye msasa.

NahodhaWaDunga

Wazee na mama, asanteni. Nimeigonga kwa sarafu jioni hii. Eneo bubu limezunguka kiraka pande tatu, na upande mmoja limefika karibu na bolti za kiti cha kati. Hilo la bolti nalo ni tatizo au ni bahati mbaya tu?

Fundi_wa_Mbita

Ni tatizo. Kila tundu la bolti ni lile duara la mara 3 alilolitaja mwenzetu, na kama lilitobolewa kwa drili butu nyuzi zimebanduka kuzunguka tundu tangu siku ya kwanza, maji yanaingilia hapo. Toa bolti zote. Tanua matundu, jaza rezini yenye nyuzi zilizokatwa, iache ikauke, ndipo utoboe upya kwa drili kali, polepole, ukiwa umeegemeza ubao upande wa pili. Chini ya kila kichwa weka washa pana. Na kiti chenyewe kisikae moja kwa moja kwenye ubavu, kiwekee mati mbili za ziada chini yake zenye ukingo wa mteremko. Ukifika hapo nipigie picha uweke hapa kabla hujachanganya rezini.